Reli ya Kusini katika Vitabu: Mizigo Ilihesabiwa, Abiria Je?

Karibu kila kitabu kinachogusia reli ya Mtwara na Lindi huigusia ndani ya kisa cha karanga, tena kwa kupita tu: Waingereza walitaka kulima karanga Nachingwea, wakajenga bandari na reli ya kuzisafirisha, karanga zikagoma kuota, na reli ikang'olewa. Msomaji akifika hapo hufunua ukurasa mwingine akiamini kwamba reli na karanga zilizaliwa siku moja na kuzikwa kaburi moja. Tarehe zinasema vingine. Serikali ya Uingereza iliufuta mpango wa karanga mwezi Januari 1951. Treni ilikuwa imeanza kwenda Nachingwea mwaka 1949, ikitokea bandari ya muda ya Mkwaya iliyokuwa kwenye hori ya mto Lukuledi, karibu na Lindi; lakini njia ya kufika Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mpango kufutwa, na tawi la kutoka Chilungula kwenda Masasi likafunguliwa mwaka 1958. Reli yote ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Uhuru ukiwa bado mchanga. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uhai wake reli hiyo ilikuwa inakwenda na kurudi bila mpango wa karanga kuwapo. Ilikuwa ikimbeba nani, na kumpeleka wapi? Swali hilo dogo halijapata kitabu cha kulijibu.

Ninachodai hapa ni kwamba historia ya usafiri wa abiria kwa treni katika Kusini yetu haijaandikwa, na kwamba sababu ya kutoandikwa kwake inaeleweka vizuri. Waandishi wa vitabu vya reli za Afrika Mashariki, watumishi wa ukoloni kwa wapinzani wa ukoloni, walikuja kwenye stesheni zetu wakiwa na mizani ya kupimia mizigo. Mizani hiyo ilipima vizuri kile ilichotengenezewa kupima. Mama aliyepanda behewa la daraja la tatu na kapu la mihogo mikavu, akashuka stesheni ya pili, hakuonekana humo.

Tuanze na vitabu viwili ambavyo ndivyo vilivyoweka msingi wa karibu kila kinachosemwa hadi leo. Cha kwanza ni The Groundnut Affair cha Alan Wood, kilichotoka mwaka 1950. Wood alikuwa ameongoza kitengo cha habari cha shirika lililosimamia mpango wa karanga, kwa hiyo aliyaona mambo kwa karibu, na kitabu chake kina uchangamfu wa mtu aliyekuwapo. Kisa anachokisimulia ni cha matrekta yaliyokuukuu, udongo mgumu, makadirio ya mezani London na fedha zilizopotea; hasara iliyofutwa baadaye katika vitabu vya serikali ilifikia zaidi ya paundi milioni 36. Ni kisa kizuri, lakini mwaka wa kuchapishwa kwake unatosha kutuonyesha mpaka wake. Mwaka 1950 Mtwara ilikuwa bado haina treni, na Masasi ilikuwa bado miaka minane kabla ya kuipata. Wood hakuweza kusimulia kilichokuwa hakijatokea. Ajabu ni kwamba waliomfuata, ambao walikuwa na miaka mingi ya kutazama nyuma, waliendelea kuitumia picha yake kana kwamba ilikuwa ya mwisho.

Kitabu cha pili ni juzuu ya pili ya Permanent Way ya Mervyn Hill, iliyohusu reli za Tanganyika na kutolewa Nairobi mwaka 1957 na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lenyewe. Juzuu ya kwanza, iliyohusu reli ya Kenya na Uganda, ilikuwa imetoka mwaka 1949. Hill alikuwa mhariri wa Kenya Weekly News, gazeti lililosomwa na walowezi, na aliandika kama mtu aliyealikwa na mwenye nyumba kuisifu nyumba: kwa adabu, kwa bidii, na kwa kutumia nyaraka ambazo mwenyeji alimpa. Sitaki kumdharau. Atakayetaka kujua reli ya Tanga ilianza kujengwa lini (mwaka 1893), au treni ya reli ya kati ilifika Kigoma mwaka gani (1914), atamhitaji Hill. Lakini mashujaa wa kitabu chake ni mameneja, mainjinia na makamishna, na kazi za treni zinapimwa kwa tani na kwa mapato. Kwa upande wetu wa Kusini kuna kasoro nyingine iliyo nje ya uwezo wake: kitabu kilichapishwa mwaka mmoja kabla ya tawi la Masasi kufunguliwa, na miaka kadhaa kabla ya reli kufungwa. Historia rasmi ya reli ya Kusini, basi, inakatika katikati ya safari. Haina Masasi wala siku ya mwisho, na hakuna juzuu ya tatu iliyokuja kuimalizia.

Kuna hata kitabu cha reli ya Kusini ambayo haikujengwa. Mwaka 1905, mjini Berlin, Mjerumani Paul Fuchs alichapisha ripoti ya uchunguzi wa kiuchumi wa reli ambayo ingetoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa. Ilikuwa kazi ya kutafuta kama reli hiyo ingelipa: ardhi ipi inafaa kwa zao gani, watu ni wangapi na kazi yao inapatikanaje. Mwezi Julai mwaka huohuo, katika vilima vya Umatumbi, ndani ya eneo hilohilo la Kilwa, watu waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba waling'oa mashina ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kwa mwanahistoria hiyo ni sadfa tu ya tarehe, lakini kwangu inaonyesha vizuri kile ambacho uchunguzi wa aina ile hauwezi kukiona: unawahesabu watu, halafu hauna mahali pa kuandika wanataka nini.

Baada ya hapo kuna vitabu vya wapenzi wa mashine, ambavyo huandikwa kwa upendo mwingi na huhusu vichwa vya treni. R. Ramaer alitoa chake kuhusu vichwa vya mvuke vya reli za Afrika Mashariki mwaka 1974. Ndani ya vitabu vya namna hiyo utaupata mpangilio wa magurudumu, kiwanda, namba na siku ya kuondolewa kazini. Abiria, kama yumo, amesimama pembeni mwa picha, nje ya mstari wa kamera. Nivitetee kidogo. Mwaka 1963, karibu wakati uleule treni yetu ilipokuwa inaondolewa, Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli za Uingereza, alipendekeza serikali ya huko ifunge stesheni 2,363 na njia zenye urefu wa zaidi ya kilomita 8,000, nyingi zikiwa za treni ndogo za abiria za mikoani. Waingereza waliokuwa wakizipenda treni hizo hawakusubiri maprofesa. Waliandika vijitabu, tawi kwa tawi, wakaweka ndani yake ratiba, picha za stesheni, ramani za njia, tiketi na majina ya wakuu wa stesheni, na leo ni vigumu kupata tawi lolote la kule, hata lenye urefu wa kilomita 15, lisilokuwa na kijitabu chake. Vijitabu hivyo mara nyingi havina uchambuzi wowote, na baadhi yake vinachosha, lakini vilihifadhi malighafi. Reli ya Kusini, yenye zaidi ya kilomita 200, haikuachiwa hata hiyo malighafi mahali pamoja.

Inapasa kusema pia kwamba upofu huu haukuwa wa wakoloni na wapenzi wa mashine peke yao. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1972 kitabu chake maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na humo akaonyesha kwamba reli za kikoloni zilichorwa kutoka mashambani na migodini kwenda baharini, bila kuunganisha Waafrika na Waafrika wenzao. Kuhusu ujenzi wa reli, Rodney ana haki kabisa, na reli ya Kusini ni ushahidi wa upande wake: ilikuwa na upana uleule wa mita moja kama reli ya kati, lakini haikuunganishwa nayo popote, kwa hiyo mtu wa Masasi angeweza kufika kwenye gati la Mtwara kwa treni na asiweze kufika Dar es Salaam. Shida inakuja pale hoja hiyo inapofika kwenye madaftari ya shule na kuwa mwisho wa mazungumzo. Mwanafunzi wa sekondari hapa kwetu anaandika katika mtihani kwamba reli ilijengwa ili kusafirisha malighafi, anapata alama zake, na hakuna anayemwuliza babu yake aliipanda treni hiyo kwenda wapi. Mkoloni alihesabu tani kwa kujisifu, sisi tukazihesabu kwa kumshutumu, na hesabu ikabaki ya tani.

Lakini nia ya mjenzi haiamui matumizi ya msafiri. Njia ikishawekwa na treni ikishakuwa na siku zake za kupita, watu huipa kazi ambazo mchoraji wa ramani hakuzifikiria, na historia ya abiria ndiyo historia ya kazi hizo. Ndiyo sababu naona kwamba vitabu vya treni za abiria za mikoani ni aina ya pekee ya historia, wala si sehemu ndogo ya historia ya reli. Treni ya mkoani haina fahari ya treni za mbali. Husimama kila mahali, hubeba watu wa safari fupi, na hesabu zake daima huonekana mbaya. Ubaya huo wa hesabu una namna yake ya kutengenezwa. Gharama za kutunza njia, mataruma, madaraja na magengi ya wafanyakazi huingizwa zote kwenye daftari, na upande wa pili huingizwa senti za nauli. Faida ya mgonjwa aliyefika hospitali mapema, au ya mkulima aliyeuza sokoni badala ya kumsubiri mchuuzi mlangoni kwake, haiingii popote. Reli ya Kusini ilifungwa kwa sababu ya hasara, na sina sababu ya kubisha kwamba hasara ilikuwapo, maana mizigo iliyotarajiwa haikupatikana. Ninachobishia ni kulifanya daftari la hasara kuwa kitabu cha historia.

Na hata kwa hesabu za mizigo, uamuzi ule unastahili kuangaliwa upya kuliko ulivyoangaliwa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha korosho zipatazo tani 145,000, kiwango ambacho kilikaa miongo mingi bila kufikiwa tena, na sehemu kubwa yake ilitoka huku Kusini. Wakati huo matuta ya reli yalikuwa tayari yameanza kuota vichaka. Miti ya mikorosho iliyozaa msimu ule ilipandwa miaka ya nyuma, mingine treni ikiwa bado inapita. Sisemi kwamba korosho zingeiokoa reli. Hilo linahitaji mahesabu ambayo yangefaa kuwa sura nzima ya kitabu. Nasema tu kwamba kitabu kinachoishia kwenye karanga kinaikwepa hoja hiyo.

Kielelezo cha namna ya kuandika tunacho, tena nchini humuhumu. Mwaka 2009 Jamie Monson alitoa kitabu kuhusu TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Angeweza kuandika kitabu cha siasa za kimataifa, cha Mwalimu, Kaunda na Wachina, na kweli sehemu ya kitabu inafanya hivyo. Lakini moyo wa kazi yake uko bonde la Kilombero na miinuko ya kuelekea Makambako, kwenye treni ya kawaida, ile isimamayo stesheni ndogo. Alizungumza na wafanyabiashara wadogo na wakulima, na zaidi ya hapo alizitumia stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa kwa treni. Naona hapo ndipo ujuzi wake ulipo. Stakabadhi ya kifurushi ni karatasi ya kutupwa, lakini ukizikusanya nyingi zinakuonyesha mchele unatoka stesheni ipi, ndizi zinashuka wapi, na mwezi gani biashara inalala. Monson aliandika pia jinsi watu wa pembezoni mwa reli walivyopinga mipango ya kupunguza huduma na kufunga stesheni ndogo. Walijua kuitetea treni yao kwa hoja na kwa barua. Je, watu wa Nachingwea na Masasi walisema chochote treni yao ilipoondolewa? Sijaona kitabu kilichowauliza.

Kitabu cha reli ya Kusini kingekuwa na nafasi ambayo TAZARA haiwezi kutoa: eneo dogo lenye mipaka. Treni ilianza na kuishia ndani ya lililokuwa Jimbo la Kusini, na maisha yake yalikuwa mafupi kiasi kwamba mtafiti mmoja anaweza kuyazunguka yote. Angeanzia wapi? Mimi ningemshauri aache kwanza ratiba ya treni na achukue kalenda ya watu wa huku. Baada ya mavuno huja msimu wa jando na unyago, ambapo ndugu walioko mbali huitwa, vyakula husafirishwa na watoto hupelekwa kwa bibi zao. Ukifika wakati wa korosho, fedha huingia mifukoni na watu hukumbuka safari walizoziahirisha. Miji ya Ndanda na Masasi ilikuwa na shule na hospitali za misheni zilizovuta wanafunzi na wagonjwa kutoka mbali. Ramani ya abiria ikichorwa kwa kufuata mambo hayo, huenda isifanane hata kidogo na ile ya mizigo.

Kisha kuna manamba. Kabla Kusini haijaona treni yake, maelfu ya vijana wa Kimakonde, Kimwera na Kiyao walikwishazoea treni za watu wengine, kwa kuwa walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kando ya reli ya kati. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa kifupi chake, SILABU. Treni ya Nachingwea ilipoanza kushuka pwani, iliwarahisishia kuondoka au iliwapa kazi za karibu wasiondoke? Mtu anaweza kulijibu swali hilo kwa nadharia ya upande wowote anaoupenda. Jibu la kweli litatoka kwa abiria wenyewe na kwa vitabu vya tiketi.

Nimetaja vitabu vya tiketi, na niseme kidogo jinsi vilivyokuwa, kwa sababu vijana wa tiketi za mtandaoni hawakuviona. Tiketi ya treni ya zamani ilikuwa kipande kidogo cha kadibodi ngumu chenye namba mfululizo, kikagongwa tarehe kwenye kimashine cha chuma kabla ya kupenyezwa dirishani. Karani hakuhitaji kuandika jina la mtu. Jioni aliangalia namba ya tiketi ya kwanza na ya mwisho kwa kila daraja na kila kituo cha kwenda, akaandika tofauti yake kwenye daftari, na hiyo ndiyo ikawa hesabu yake kwa mwajiri. Mfumo huo ulibuniwa Uingereza katika karne ya 19 ili karani asiibe; kwa mtafiti wa leo, daftari la namna hiyo likipatikana, linamwambia siku fulani watu wangapi wa daraja la tatu walitoka Ruo kwenda Mtwara. Makao makuu ya shirika yalikuwa Nairobi, kwa hiyo mtafiti wa Kusini ajiandae kwenda mbali kuliko treni yenyewe ilivyowahi kwenda, pamoja na kupita kwenye Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam. Asilisahau pia Mambo Leo, gazeti la serikali la Kiswahili lililoanza mwaka 1923, ambamo wasomaji wa majimboni walipeleka barua na mashairi yao. Mara nyingi mshairi wa kijijini alikiona kile ambacho ofisa wa reli hakukiona.

Huku nyumbani kuna mabaki mengine. Manispaa ya Mtwara-Mikindani inayo Kata ya Reli isiyokuwa na reli. Matuta yapo, yakionekana vizuri zaidi wakati wa kiangazi majani yanapochomwa. Na kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, kikigongwa kwa nondo, ni kengele ambayo wengi wetu tulisomea. Ukikisogelea ukasugua kutu kwenye shingo yake, ile sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako, mara nyingi utakuta herufi zilizotokeza: jina la kiwanda, uzito na mwaka wa kutengenezwa. Mtafiti asikimbilie kuzifanya herufi hizo kuwa ushahidi wa mwaka ambao treni ilifika kijijini hapo, kwani reli za chuma huhamishwa kutoka njia moja hadi nyingine na kipande kinaweza kuwa kizee kuliko reli yote ya Kusini. Lakini aulize kimefikaje pale, kililetwa na nani na kwa gari gani, na atashangaa jinsi mwalimu mstaafu anavyoweza kuanza kusimulia.

Kuhusu masimulizi ya wazee, nina tahadhari moja ambayo nadhani wapenzi wa historia simulizi huipuuza. Mtu aliyekuwa na miaka 10 treni ilipofika Mtwara sasa amepita 80, na anachokikumbuka ni treni ya utotoni mwake: moshi, filimbi, na pengine soda ya kwanza maishani. Treni ya utotoni huwa nzuri siku zote. Hatakwambia kwa hiari kwamba mabehewa yalitenganisha watu kwa uwezo, na kwa vitendo kwa rangi, daraja la tatu likiwa la Waafrika. Wala hatakumbuka mgomo mrefu wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1960, isipokuwa kama baba yake alikuwa kibarua wa gengi na chakula kilipungua nyumbani. Kwa hiyo mahojiano yasiachwe peke yake. Yawekwe kando ya daftari na kando ya gazeti, na pale yanapopingana, msomaji aonyeshwe kupingana huko badala ya kufichwa. Kitabu kitakachowapaka sukari abiria kitakuwa kimebadilisha kosa tu.

Kitabu hicho pia kisiishie siku treni ilipoondoka. Kwa watu wa Mtwara na Lindi, miaka iliyofuata ilikuwa ya malori yaliyobeba watu juu ya magunia, ya meli ya Canadian Spirit, ya kukwama kwenye kivuko cha Rufiji wakati wa masika hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Nachingwea nayo, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ikaja kuwa mahali ambapo wapigania uhuru wa FRELIMO walipata mafunzo, na waliofika huko hawakufika kwa treni. Nauli, muda na hatari za safari hizo ndizo zinazotuwezesha kupima treni ilikuwa na thamani gani kwa abiria. Bila sura hiyo tutakuwa tukiipima kwa kumbukumbu tamu upande mmoja na kwa daftari la hasara upande wa pili.

Haraka ya jambo hili inatokana na mipango iliyopo. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na ikafika Dodoma mwaka huohuo. Kwa upande wetu, serikali ina mpango wa reli ya kisasa ya takriban kilomita 1,000 kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Sikiliza inavyozungumzwa: makaa ya mawe, chuma, bandari, shehena. Yote ni ya kweli na ya lazima, maana reli ya urefu huo haiwezi kulipiwa na nauli za abiria. Lakini idadi ya stesheni, umbali kati yake, na kama treni ya abiria itasimama mahali padogo au itapita kwa kasi, ni mambo yanayoamuliwa mapema, mezani, na watu ambao hawana pa kusoma jinsi Kusini ilivyotumia treni iliyowahi kuwa nayo. Vitabu walivyo navyo vitawaambia habari za karanga.

Kazi ya kuanzia ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Inahitajika kwanza orodha kamili ya stesheni na vituo vyote kati ya Mtwara, Mkwaya, Ruo, Chilungula, Nachingwea na Masasi, pamoja na mahali halisi kila kimoja kilipokuwa, nani aliishi jirani, na nini kiliuzwa dirishani treni iliposimama. Abiria wa reli ya kati anaijua Saranda kwa kuku wake hata kama hajawahi kushuka; Saranda yetu ilikuwa wapi? Mwanafunzi mmoja wa historia mwenye simu ya kurekodia, likizo moja ndefu na nauli ya mabasi ya Masasi na Nachingwea anaweza kuikamilisha orodha hiyo, na ikiandikwa kwa Kiswahili, wale aliowahoji wataweza kuisoma na kumsahihisha kabla haijaenda kiwandani kuchapwa.